Viatu vya Zambarau vya Tinay

"Wewe dada, hicho kichwani ni kofia au mwavuli?"

Domeng hakuwa mtu wa kuwasemesha wanawake asiowajua, lakini jioni ile uzalendo ulimshinda. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa San Roque, na nusu ya wakazi wake walikuwa wamehamia sokoni Marikina, mji wa mafundi viatu wa Ufilipino, mbele ya dirisha la duka la televisheni, kuangalia tamthilia ya Bahati ya Amparo. Kwa miezi minane Domeng hakuikosa hata siku moja. Sasa Amparo yuko mbioni kukutana na pacha wake aliyedhaniwa amekufa, na mbele ya macho ya Domeng amesimama mwanamke mwenye kofia pana kama ungo, imeshonewa maua ya vitambaa pande zote.

"Ni mwavuli," mwanamke alijibu bila kugeuka. "Mvua ikinyesha utakuja kuniomba nafasi."

Watu walicheka. Domeng hakucheka.

"Amparo anapigwa kofi, mimi naona maua tu!"

"Kofi kapigwa na mama mkwe, shavu la kushoto. Umeridhika?"

"Sijaridhika."

Hapo ndipo alipogeuka. Alikuwa amevaa gauni la manjano ya limau lenye mikono ya buluu, mkanda wa kijani kiunoni, na hereni za shanga nyekundu zilizomfika mabegani. Mwingine angevaa hivyo angeonekana kioja. Yeye alionekana kama mtu ambaye siku yake ilikuwa imemwendea vizuri. Alivua kofia, akamvika Domeng.

"Vaa wewe basi. Walio nyuma wakulalamikie wewe."

Na kweli, haikupita dakika walio nyuma wakaanza kumzomea. Matangazo yalipoingia, mwanamke alimwangalia vidole.

"Fundi viatu."

"Umejuaje?"

"Unanuka gundi, Mang Domeng."

"Na jina langu umelijulia wapi?"

"Limeandikwa kwenye mfuko wa shati, hiyo Mang ni heshima yako tu. Mimi ni Tinay. Una mabaki ya ngozi? Nataka kutengeneza hereni."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Siku ya pili alifika karakanani kuchukua mabaki, siku ya tatu akaja kuonyesha hereni, siku ya nne hakuwa na sababu yoyote ila alikuja. Tinay alikuwa na miaka thelathini na sita, akishona sare za shule katika kiwanda kidogo cha nguo. "Kutwa nashona nyeupe na buluu, nyeupe na buluu," alisema. "Jioni lazima nilipize kisasi." Nguo zake zote alizishona mwenyewe kwa vipande alivyookoteza huku na huku. Domeng alikuwa na miaka arobaini na moja, mashati sita ya kijivu, na mazoea ya kula peke yake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi haukuisha, mtaa mzima ulijua ni kwa nini Mang Domeng anapiga mluzi akigonga soli.

Jioni ambazo hawakuwa pamoja Domeng alimpigia simu muziki wa Amparo unapoanza, kila mmoja yuko kwake, simu sikioni.

"Mpenzi, umeiona ile blauzi ya Amparo?"

"Mimi naangalia viatu. Visigino vimebandikwa vibaya. Ataanguka."

"Ataanguka kwa sababu yule daktari kamtilia dawa kwenye juisi, wewe mwanaume! Hivi huwa unaangalia nini?"

"Nakusikiliza wewe."

"Nyamaza basi, anazimia."

Siku ya kuzaliwa kwa Tinay ilipokaribia, Domeng alimkalisha kwenye kiti cha karakana, akachora nyayo zake kwenye kadibodi, kisha akamchongea kalibu ya mti, umbo la kuundia viatu, ya miguu yake yeye na si ya mwingine. Fundi wa Marikina akifikia kukuchongea kalibu, ujue amekwisha kwa mapenzi. Alimtengenezea viatu vya ngozi ya zambarau, kisigino cha wastani, mkanda wa njano wa kufunga kwenye kifundo, na ndani akavitia kitambaa cha waridi ambacho mvaaji tu ndiye angekijua. Wiki tatu alivishughulikia. Tinay alipoviona alijifunika uso kwa mikono miwili, akalia, kisha akaanza kupekua mkoba.

"Unatafuta nini?"

"Peso moja. Shika."

Pale Marikina kila mtoto analijua hilo. Ukimpa mpenzi wako viatu bure, atavivaa aende zake. Sharti akupe hata peso moja, iwe amenunua.

"Mimi nikuuzie wewe?" Domeng alicheka, akaukunja mkono wa Tinay na ile peso ndani. "Vaa. Mwezi wa Mei utavivaa tena kanisani, ukija kuolewa na mimi."

"Hivyo ndivyo watu wanavyoposa kwenu?"

"Sijui. Sijawahi kuposa."

Tinay alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani na kurudi mara nne, kisigino kikilia ko, ko, ko kwenye saruji. Vilimwenea kama ngozi yake mwenyewe. Alivivua, akavifuta kwa upindo wa gauni.

"Mei," alisema. "Na sivivai hata siku moja kabla ya hapo."

Februari Tinay alianza kutopokea simu. Akipokea, amechoka, ana shughuli, dada yake anaumwa, usije leo mpenzi. Viatu alivirudisha kwa mkono wa jirani, eti fundi akavitunze visiliwe na panya. Amparo alifunga ndoa na yule daktari mbaya, na Domeng alitazama harusi nzima peke yake, simu iko mezani. Alijiambia ni peso ile. Mtu mzima, mwenye akili zake, alikaa akijilaumu kwa peso moja.

Halafu Aling Upeng, yaani Mama Upeng, muuza ndizi za kukaanga mwenye masikio marefu kuliko kamba ya kisima, akamwambia alichokuwa akikingoja kwa hofu. "Kila Jumanne na Ijumaa, Mang Domeng. Gari jeupe. Mwanaume anashuka, anamfungulia mlango, anamshika mkono kabisa, anamwingiza. Mimi sisemi kitu."

Akili ya kuambiwa changanya na yako, lakini mwenye wivu huwa hana ya kuchanganyia. Alipiga simu palepale.

"Tinay, nani huyo wa gari jeupe?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Kwa hiyo yupo."

"Domeng, usiniulize hayo kwa simu."

"Nikuulizie wapi, na kwenu umenikataza? Heri ningechukua peso yako siku ile!"

"Heri ungechukua," Tinay alisema, na simu ikakatika.

Ijumaa ile Domeng alifunga karakana mchana, akaenda kusimama karibu na lango la nyumba ambayo Tinay aliishi na dada yake. Alikuwa ameandaa maneno makali, amejifundisha njia nzima. Gari jeupe lilifika. Ubavuni liliandikwa jina la ofisi ya mtaa, na ndani mlikuwa na wazee wawili wenye bandeji mikononi. Dereva alishuka, akamshika Tinay mkono kumteremsha.

Fundi viatu humtazama mtu kuanzia chini. Domeng aliiona miguu kwanza. Ilikuwa imevimba hadi vifundo vimepotea, imesukumwa ndani ya ndala za mpira za kiume. Juu yake gauni la nyumbani la kijivu, lisilo na mkanda wala ua. Mkono wa kushoto ulikuwa na bandeji kama ya wale wazee.

"Usinitazame," Tinay alisema. "Domeng, nakuomba, usinitazame nikiwa hivi."

Aliyemsimulia yote ni dada mtu, Ate Charing, yaani Dada Charing, mkubwa kwa miaka kumi, mwanamke mkavu ambaye hata kukaribisha mgeni alikaribisha kama anayegomba. Figo zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara mbili kwa wiki Tinay anapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. "Nilimwambia, mficha maradhi kifo humuumbua. Eti hataki umwone bila rangi. Rangi! Mtu hakojoi, anafikiria rangi."

Domeng aliingia, akaketi sakafuni karibu na kiti cha Tinay. Tinay akauliza, macho yako ukutani:

"Amparo kaolewa?"

"Kaolewa. Kavaa gauni baya."

"Baya vipi?"

"Limejaa manyoya. Kama bata."

Akacheka, kisha akalia, na Domeng akalia pia, na Ate Charing akaenda jikoni kugongagonga sufuria ambazo hazikuwa na kitu.

Tangu hapo Domeng alikuwa hapo kila jioni. Alimpikia uji wa wali na tangawizi bila chumvi, naye Tinay akautukana. Waliangalia Amparo pamoja. Mei ilipofika alisema twende kanisani. Akatengeneza viatu vingine, vipana, vya zambarau ileile. Siku ya kuvijaribu, miguu ilikuwa imezidi. Akatengeneza vingine, vipana zaidi. Tinay hakuvigusa.

"Sio hivi. Nataka vile."

"Vile havikuenei, mpenzi. Vaa ndala. Kwani padri anaangalia miguu?"

"Padri haangalii. Mimi naangalia." Alimshika kidole chenye gundi. "Sikia. Mwili huu umeninyima chumvi, umeninyima maji, umeninyima kazi. Siku moja tu nataka uniachie nitembee kanisani nikiwa Tinay. Siku vile viatu vitakaponienea, siku hiyohiyo unanioa. Hata iwe Jumatatu. Hata iwe mvua."

Domeng alikubali. Baadaye alijuta kuliko alivyopata kujutia jambo lolote. Angemwoa akiwa peku, angemwoa kwenye kiti kile. Lakini alimpenda, na alimpenda kwa ukaidi wake uleule, akaona amwachie.

Juni ikapita, Julai ikapita. Siku nyingine uvimbe ulishuka, kiatu kikaingia hadi katikati ya mguu, wakashikana mikono bila kupumua, kisha kikagoma. Alianza kukonda usoni. Mashavu yaliyokuwa yamejaa yalibonyea, nazo hereni za shanga zikaonekana nzito.

Jumanne moja ya Agosti, saa kumi alasiri, simu ililia karakanani.

"Domeng! Uko wapi?"

"Nagonga soli. Umerudi kutoka kwenye mashine?"

"Nimerudi sasa hivi. Leo wamenikamua maji yote, nimekuwa kama samaki mkavu. Domeng, naviona vifundo vyangu! Mfupa kabisa!"

"Acha mzaha."

"Nikutanie nini? Charing yuko hapa, muulize. Njoo na viatu. Na usije na lile shati la kijivu, vaa lile nililokushonea."

"Lile lenye mapapai?"

"Lenyewe. Leo unaoa. Haraka, Amparo anaanza saa kumi na mbili, namngoja nimejilaza hapa."

Alinawa gundi mikononi mara mbili. Alivaa shati la mapapai, akavifuta viatu, akavifunga kwenye gazeti. Aling Upeng alipomuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo, alisema anakwenda kuoa, na mama yule akampa ndizi bila kuombwa.

Ate Charing alikuwa amesimama langoni. Hakuwa akilia, alikuwa ameshika simu kana kwamba hajui ni kitu gani. Nyuma yake, sebuleni, televisheni ilikuwa inawaka.

"Alijilaza tu," alisema. "Nimekwenda kumletea mto. Moyo umesimama, Mang Domeng. Nimemletea mto, kumbe..."

Domeng aliingia akakaa sakafuni, pale anapokaa kila jioni. Muziki wa Amparo ulipoanza hakuna aliyeweza kunyanyuka kuizima televisheni.

Kesho yake mchana walikwenda wawili hao nyumba ya kuandalia maiti, kupeleka nguo. Ate Charing, ambaye miaka yote alimwambia mdogo wake kwamba anavaa kama duka la rangi, alikuwa amechagua gauni kali kuliko yote, la rangi ya chungwa lenye mikono ya waridi, na mkanda wa kijani, na hereni za mabaki ya ngozi. Alimvisha mwenyewe, akamchana nywele, akaona hereni moja imepinda, akainyoosha.

Domeng alifunua shuka upande wa miguu. Ilikuwa myembamba. Alifungua gazeti, akachukua kiatu cha kulia, akakiingiza. Hakikugoma. Kiliingia hadi mwisho, kisigino kikakaa mahali pake, kama siku ile karakanani.

"Vua hicho, Mang Domeng," Ate Charing alisema kwa sauti ya chini.

Domeng alikifuta kiatu kwa upindo wa shati.

"Maiti hazikwi na viatu, unajua. Mama tulimzika peku, baba tulimzika peku. Ukimvisha hivyo atarudi. Tutasikia hatua zake nyumbani, kutoka jikoni hadi sebuleni, kila siku, mpaka tutakapokufa na sisi."

"Najua."

"Basi vua."

Domeng alikuwa akifunga ule mkanda wa njano. Kifungo hakikupata tundu lake, akajaribu tena.

"Mimi nataka kuzisikia, Ate," alisema.

Ate Charing aliweka mkoba wake sakafuni, akapiga magoti kando yake, akauinua mguu wa kushoto wa mdogo wake na kumshikia fundi avishe.