Mwanamke Aliyebarikiwa kwa Jina Langu

Nina miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Njombe, na huu ni mwaka wa kumi na moja nanunua bidhaa hapa Guangzhou. Nayaandika haya nikiwa bado na hasira. Msitegemee nitajifanya malaika!

Mama yangu alipofariki nililelewa na Sista Agnese, Mwitaliano. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kushona na kusali. Uzeeni alirudi kwao Italia, kwenye nyumba ya masista katika mji mdogo juu ya kilima, na macho yakaanza kumwishia. Kila akipiga simu aliniambia, "Njoo, mwanangu, nikuone kabla giza halijafunga."

Basi mimi na mume wangu Deo tukapanga safari. Si ya kukimbizana kama tunavyokimbizana na mizigo huku... la! Tungekodi gari, Deo aendeshe polepole, tulale siku mbili mbili kwenye miji ya vilimani. Kwanza kwa Sista, kisha Assisi, Orvieto, Montepulciano, tumalizie Siena. Niliandika ratiba yote kwenye daftari langu la oda, hadi mahali pa kunywa kahawa.

Aliyenisaidia ni rafiki yangu Clarisse, mfanyabiashara wa Lubumbashi mwenye karatasi za Ubelgiji. Duka lake liko ghorofa moja na ofisi yetu pale jengo la Tianxiu. "Dada, musikimbie," aliniambia huku akichora njia. "Orvieto mulale siku tatu, kuko muzuri sana!" Nilimpikia ugali, nikamshukuru. Kumbe nilikuwa nampangia yeye!

Viza zilipotoka, Deo akasema tuahirishe hadi mzigo wake wa viatu vya Krismasi uondoke. Eti anakwenda Wenzhou wiki mbili kukagua kiwanda. Clarisse naye akafunga duka, akasema ana msiba Brussels. Nikampa pole! Sista sikumwambia kuwa tumeahirisha... niliogopa kumvunja moyo.

Siku ya tatu Sista akanipigia. Alinishukuru kwa kumtembelea, kulala chumba chao cha wageni na kuinamisha kichwa anibariki! Akauliza kama tumefika salama Assisi. Kisha akanung'unika kidogo, "Lakini nilikusalimia 'kamwene' kama nyumbani Njombe, ukacheka tu. Hata kuitika umesahau? Na siku hizi unasema 'aksanti mingi'... umekuwa Mkongo?"

Hapo nikaelewa. Deo alimpeleka Clarisse, hawara wake, kwa mama yangu mlezi, akamwambia mzee asiyeona kwamba yule ndiye mimi. Na kisa nini? Chumba cha wageni cha masista kilikuwa cha bure! Sista akamwekea yule mwanamke mkono kichwani, akambariki kwa jina langu. Mtu anawezaje kufanya hivyo?

Ukweli sikumwambia. Nilisema tu, "Nisamehe, Sista," nikakata simu.

Viza yangu ilikuwa hai. Pasipoti ilikuwa kwenye droo. Ningeweza kupanda ndege kesho yake. Badala yake nilikwenda Sanyuanli, kwenye stoo ya viatu vya Deo.

Katika biashara yetu mume hununua, mke hufunga na kuandika alama ya mwenye mzigo kwenye magunia. Kazi ya mke hakuna anayeikagua. Siku tisa nilifungua katoni moja moja. Viatu vya kushoto nikaviandika alama ya Deo, viende Dar es Salaam. Vya kulia nikaviandika alama ya Clarisse, vipitie Dar hadi Lubumbashi. Si walitaka kushirikiana? Nikawashirikisha!

Mwenye stoo, ambaye huniita laobanniang, yaani mke wa bosi, alinisihi nipumzike. Nikamwambia bado kidogo. Kila asubuhi nilifungua daftari langu nikajua wako wapi. Leo Assisi. Leo Orvieto, siku tatu, kuko muzuri sana... Nikazidi kukaza kamba.

Kontena lilipoondoka bandari ya Huangpu nilicheka hadi machozi yakanitoka. Siku hiyohiyo sista mwingine akapiga simu kutoka kule kilimani. Sista Agnese amefariki. Akajaribu kunifariji. "Usilie sana. Amekufa na furaha. Kila aliyeingia chumbani alimwambia, mwanangu wa Njombe alikuja."

Sasa Deo ana viatu vya kushoto, Clarisse ana vya kulia, na wameachana kwa kulaumiana. Nawaambia wazi, hilo linanifurahisha hadi leo! Deo siishi naye tena, lakini nikimwona kwenye lifti namwangalia miguuni, nacheka.

Lakini siku zile tisa... Zilitosha kufika, kumshika mkono na kuitikia salamu yake. Pengine angeujua mkono wangu. Amezikwa akiwa na kumbukumbu ya mwanamke mwingine, na mimi ndiye niliyemwachia nafasi.

Wasomaji wenzangu, nawaomba sana. Ukisalitiwa, usianze na adui yako. Anza na yule anayekungoja. Viatu vingenisubiri. Sista hakuweza.