Alama za Tania kwenye Nguzo

Kila Jumamosi Émilienne alichota udongo mwekundu, akapaka ukuta wa nyumba yake hapa Swima, kando ya Ziwa Tanganyika. Majirani walimtania. "Mama Tania, leo tena? Bwana iko njiani?"

Yeye alicheka tu. Mumewe, Isidore, alivuka ziwa kutafuta kazi Kigoma, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Émilienne alimkumbuka sana. Alitaka siku akirudi aikute nyumba nzuri.

Kitu alichokipenda zaidi ni nguzo ya mlango. Kila Noeli kabla hajaondoka, Isidore alimsimamisha binti yao Tania hapo, akakata alama kwa kisu kuonyesha urefu wake. Alama zilikuwa nne.

Asubuhi moja Émilienne aliona vitundu kwenye mbao za dirisha. Akaogopa. Alimwita jirani yake Claver, seremala aliyetoka Burundi.

Claver alipitisha kidole kwenye dirisha. "Tundu hizi ndogo za muviringo ni za mududu mwenye kutoboa mbao. Kama angali ndani, anatoa unga laini. Hapa hakuna unga. Fagia, angalia kila wiki. Unga mupya ikitoka, uniite."

Kisha akagonga nguzo ya mlango kwa nyundo. Juu ililia ko, ko. Chini ililia kama debe tupu. Alikwangua udongo mwekundu ambao Émilienne alipaka hadi chini ya nguzo. Chini yake palikuwa na njia nyembamba za udongo, zikipanda kutoka ardhini. Akavunja moja, wadudu weupe wakatawanyika.

"Muchwa," alisema. "Huyu hatoboi tundu inje. Anapanda toka chini, anajenga njia ya udongo, anakula mbao kwa ndani. We kila samedi ulikuwa unapaka juu ya njia yake."

"Ni mi nilikuwa ninamuficha?" Émilienne akaketi kizingitini. Machozi yakamtoka.

"Lazima tukate hapa chini, nyumba isianguke."

"Papa Claver, usikate! Alama za mutoto zitashuka!"

"Hazitashuka, mama."

Claver alitegemeza paa kwa mti. Akapima sehemu iliyoliwa, akaikata na kuichoma moto. Mahali pake akaweka jiwe lenye kimo kilekile.

"Muchwa akitaka kupanda tena, atapita juu ya jiwe. Utaona njia yake, utaivunja na kuniita. Na kuni zako, toa pa ukuta, zinavuta muchwa."

Siku hizi Émilienne hupaka ukuta juu tu. Chini huacha wazi, huchungulia, hugonga. Miezi sita imepita, na nguzo inalia ko, ko hadi kwenye jiwe.

Juzi Tania alisimama pale mlangoni. Alama ya mwisho ilimfika begani.

"Mama, kata ingine."

Émilienne alichukua kisu. Akakishika kidogo, halafu akakirudisha jikoni.

"Hapana, mwanangu. Ile ni kazi ya baba yako. Nguzo itamungoja."