Kadi Mbili za Mpishi

Kila siku ya kipindi cha historia, wanafunzi wa kidato cha pili walifagia darasa, wakafuta ubao, kisha wakafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa karibu na mlango. Kwenye kamba hiyo walibana kadi kwa vibanio vya nguo, kila kadi na tukio lake, la zamani upande wa dirisha na la karibuni upande wa mlango. Ndivyo mwalimu wao alivyopenda kufundisha. Alitaka waone kwa macho yao jambo lipi lilitangulia lipi.

Kinara wa somo hilo alikuwa msichana ambaye wenzake walimpachika jina la Bi Tarehe. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza jambo fulani lilitokea mwaka gani, angekujibu, akageukia ukutani na kuendelea kukoroma. Kila muhula mwalimu alimchagua mwanafunzi mmoja wa kuwafundisha kidato cha kwanza kipindi kizima, na kila muhula aliyechaguliwa alikuwa yeye. Nafasi hiyo alishaihesabu kuwa mali yake.

Muhula huu mambo yakageuka. Mwalimu alitaka historia ya shule yao wenyewe, na hiyo haikuwa kitabuni. Ilibidi wawaulize watu waliokuwapo. Kwa kuwa watu hao waliyakumbuka mambo lakini si miaka, kadi hazikuwekwa tarehe. Bi Tarehe aliona huko ni kupiga soga tu, akaifanya kazi nusunusu. Lakini Mgeni, msichana aliyehamia mwaka huo na jina hilo likamganda, alizunguka mtaa mzima akiuliza. Akampata hata bibi mmoja mstaafu aliyekuwa mpishi wa shule. Basi mwalimu akatangaza kwamba safari hii atakayefundisha ni Mgeni, na darasa likapiga makofi.

Bi Tarehe naye alipiga, kwa ncha za vidole. Roho ilimuuma kwelikweli. Yaani huyu aliyekuja juzi tu, hata vyumba vya madarasa bado anavichanganya, leo ndiye mwalimu? Nyumbani alikula amenuna, na mama yake alipomuuliza kulikoni, akasingizia tumbo. Tumbo lilikuwa zima kabisa. Kilichomuuma kilikuwa gere, wivu mtupu.

Siku ilipofika, aliingia darasani wenzake wakiwa bado mstarini uwanjani. Kamba ya Mgeni ilikuwa imeshafungwa. Kadi moja iliandikwa, "Wanafunzi waugua matumbo." Iliyofuata iliandikwa, "Mpishi mpya aajiriwa." Bi Tarehe akazibadilisha nafasi. Alijiambia kwamba hataki makubwa, ajikwae kidogo tu wamcheke, yaishe.

Kidato cha kwanza wakaingia, na pamoja nao akaingia yule bibi mpishi, kavaa nguo zake nzuri. Mwalimu akampa kiti mbele. Bi Tarehe alikaa nyuma kama msaidizi. Mgeni, kwa woga wa kutazamwa na macho yote yale, alikuwa akisoma kadi moja baada ya nyingine mbiombio.

"Kisha mpishi mpya akaajiriwa," alisoma. "Baadaye wanafunzi wakaugua matumbo."

Hapo akakwama, akaikodolea macho kadi ile. Kabla hajasema neno, mtoto wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo mpishi ndiye aliyewaletea ugonjwa?"

Wengine wakacheka, wengine wakaanza kunong'ona. Bibi hakucheka. Aliinuka polepole, akachukua mkoba wake. Alimwambia mwalimu kwa sauti ya chini kwamba amewapikia watoto wa shule hii mpaka nywele zikaota mvi, na hakuja kuambiwa kwamba aliwalisha uchafu. Mgeni alikuwa akilia, akirudia kwamba yeye hakupanga hivyo.

Kicheko alichokitaka Bi Tarehe alikuwa amekipata, na hakikuwa na utamu wowote. Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza, au kusingizia upepo. Lakini bibi alikuwa ameshafika mlangoni, na akitoka angetoka na doa lisilo lake. Bi Tarehe akasimama.

"Bibi, naomba usiondoke. Mgeni hakukosea. Kadi nimezihamisha mimi."

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

"Nilimwonea wivu."

Alilisema hilo mbele ya watoto waliozoea kumwita dada mwalimu, na uso ulimwaka kwa aibu. Akaiendea kamba, akazirudisha kadi mahali pake. Mwalimu akamsihi bibi akae, naye akakubali. Sasa ikasikika habari yenyewe. Watoto waliugua kwa sababu ya maji machafu, wazazi wakaanza kuwaondoa shuleni. Ndipo alipoajiriwa bibi, akaanza kuchemsha maji ya kunywa kila alfajiri, na ugonjwa ukakoma. Mgeni akafuta machozi, akamaliza kipindi, na safari hii aliinua macho.

Watoto walipotoka, Bi Tarehe aliwaomba Mgeni na bibi msamaha. Mgeni alimjibu tu kwamba amesikia. Mwalimu hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia nafasi ya kufundisha hataipata mwaka huu, kisha akaigusa ile kamba.

"Miaka yote unaijua kwa kichwa," alisema. "Lakini ulipogeuza kilichotangulia, aliyewaponya watu akaonekana ndiye aliyewaumiza. Historia ni habari za watu. Ukiivuruga, unamvuruga mtu."

Bi Tarehe akainama. Akamuuliza bibi, kwa sauti iliyosikika kwa shida, afanye nini wivu ukimrudia.

"Utarudi tu, mjukuu wangu," bibi akasema. "Hata mimi bado hunijia. Ukija, uache ukuume moyoni mpaka uchoke wenyewe. Mikono yako tu usiupe."