Kengele ya Shaba Kwenye Matawi ya Mvinje

Rafiki yangu fundi cherehani si mtu wa kuzua mambo, ndiyo maana hili alilonisimulia halinitoki.

Krismasi ilikaribia, akaenda kwa wauza vitu vya kale kutafuta mapambo ya kibaraza chake cha vioo. Matawi mabichi ya mvinje alikuwa nayo tayari. Kwenye lundo la vinara vyenye kutu akaiona kengele ya shaba ya marehemu mama yake, ile aliyoitikisa kuita watu alipokuwa mgonjwa kitandani. Uzi mwekundu kwenye mpini aliufunga rafiki yangu mwenyewe. Kaka yake, aliyemuuguza mama peke yake, aliapa kwamba walimzika nayo, na kwamba usiku ule wa mwisho mama hakuita kabisa.

Akaipindua. Ulimi wake ulikuwa umekatwa kwa koleo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliitundika ndani kabisa ya matawi, akamwita kaka aje wapambe pamoja. Jioni ikaingia. Madirisha yote yamefungwa, vioo vimekuwa vyeusi, na kaka yuko juu ya ngazi akifunga mvinje kwa kamba. Kengele hajaiona.

Ikalia. Polepole, kama iliyoshikwa na mkono usio na nguvu. Hakuna jani lililotikisika.

Rafiki yangu akaganda. Kaka hata hakugeuka. Alikaza fundo lake, akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa siku nyingi:

“Nimesikia, Mama. Si nimesema nakuja?”