Kila Kilicho cha Denzil

Agnes Thorley alinipigia simu kabla ya Krismasi. Alisema kaka yake ana gari bandani, la zamani, la wazi, la viti viwili, na anataka mtu aje aangalie kama ni lenyewe. Bei hakuiuliza. Nilishangaa, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Watu huniita niwaambie kama gari walilorithi ni halisi au limeungwaungwa kwa vipande vya magari mengine, na swali la bei hunifikia hata boneti sijafungua.

Shamba lao liko kwenye nyanda za chini za Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, ambako udongo ni mweusi na barabara hufuatana na mfereji mwendo mrefu bila kona. Majira yale jua huzama watu bado wako kazini. Nilipofika, mwanga ulikuwa umebaki mstari mwembamba juu ya mashamba ya kabichi.

Agnes alikuwa bibi mwembamba aliyevaa aproni. Cuthbert, kaka yake, alikaa kando ya jiko la makaa, na koti mwilini ingawa jikoni kulikuwa na joto. Walinipa chai na kipande cha keki, wakanitazama nikila. Nilipoweka kikombe chini, Cuthbert aliinuka.

"Twende," Cuthbert alisema. "Nimechoka kungoja."

Tukivuka ua alinisimulia. Gari lilikuwa la Denzil, kaka yao mkubwa, aliyelinunua likiwa jipya. Jioni moja walikuwa wakitoka dansini, Denzil akiendesha, Cuthbert pembeni yake. Gari likaacha njia, likatumbukia mferejini. Cuthbert alitoka. Denzil hakutoka, wala mwili wake haukupatikana, maana maji yale huishia baharini. Gari lilivutwa nje, na baba yao, asiyeweza hata kulitazama, akalifumua na kuliuza vipande vipande. Injini ilikwenda Norwich. Milango ilikwenda Scotland. Viti hakuna aliyejua vilikokwenda.

"Basi lililomo bandani ni lipi?" nikamuuliza.

"Ni lile lile. Vipande vimerudi."

Banda lilinuka kutu, mafuta yaliyoganda, na kitu kingine... Tope. Tope la chini kabisa ya maji, ambalo halijawahi kuona jua.

Akavuta turubai.

Nilianza na fremu, kama kawaida. Namba ilikuwa imegongwa kwa mkono wa kiwandani, haijaguswa. Namba ya injini ikakubaliana nayo. Giaboksi vivyo hivyo. Nikaingiza tochi chini ya dashibodi, mahali ambapo wapaka rangi wadanganyifu huwa hawafiki, nikakuta kijani kile kile cha mwanzo. Nikabandua ubao wa ndani wa mlango. Zamani mafundi wa kiwandani waliandika namba ya gari kwa chaki nyuma ya kila kipande, ili visichanganyike. Chaki ilikuwepo. Ilikuwa mbichi, ikaniachia alama kidoleni.

Katika miaka yangu yote sijaona gari kamili namna ile.

Nilitaka kujua ni nani aliyeliunga. Cuthbert alisema yeye hajashika spana maishani mwake. Huamka akakuta kipande sakafuni, kimelowa. Asubuhi ya pili kiko mahali pake.

Agnes akanishika mkono, akanivuta hadi ukutani. Alinong'ona huku macho yake yakiwa kwa kaka yake. Mama yao alikuwa na mambo yake, na kijiji kizima kilijua. Denzil alipopotea, mama alichukua chupa ya udongo, akatia misumari na nywele kutoka kwenye kitana cha mwanawe, akaijengea ndani ya ukuta ule. Aliita kila kilicho cha Denzil kirudi. Siku mjuzi atakapotamka kwamba vimetimia, Denzil naye atakuja, amchukue aliyemwacha majini.

"Nimekuita mimi kwa sababu aliapa kwamba nisipoita mjuzi, ataita yeye," alisema. "Nakuomba, mwanangu. Sema si lenyewe."

Cuthbert alikuwa anatusikia. Nadhani alijua toka mwanzo.

"Haya, binti," alisema. "Limetimia?"

Nilimtazama Agnes. Nikasema uongo.

"Bado. Kuna kipande kimoja si chake."

Kisha, nyuma ya mlango unaotazama mfereji, maji yakaanza kudondoka. Tone... tone... tone...

"Kipi?"

Hakuwa Cuthbert aliyeuliza. Ilikuwa sauti ya kijana, ya upole, kama mteja dukani.

Agnes alikuwa amefumba macho.

"Kioo," nilisema. "Kioo cha mbele."

Hatua zikageuka, taratibu, zikifyonzwa na tope. Nikasikia maji yakifunguka. Nikayasikia yakijifunga.

Mwezi uliofuata nilisoma habari gazetini. Mzee mmoja, Horace Bidwell, mpenzi wa magari ya zamani, amekutwa amekufa ndani ya gereji yake, ameketi kwenye gari la aina ile ile. Sakafu kavu, nguo kavu. Mapafu yamejaa maji ya tope. Na kioo cha mbele cha gari lake kimeng'olewa.

Niliisoma habari hiyo nikiwa nimesimama. Sikuweza kuketi.

Cuthbert alipiga simu jioni ile.

"Kioo kimekuja," alisema. "Kina nywele nyeupe zimenasa pembeni. Za mtu mzee. Safari hii sema kweli, binti, kabla hajatafuta kingine."

Nilikwenda. Ningefanya nini? Uani nilimsikia Agnes akigonga mlango wa jikoni kwa ndani, akiliita jina langu. Cuthbert alikuwa amemfungia. Mimi nikapita.

Alikuwa tayari ndani ya gari, kwenye kiti cha kushoto, amevaa suti yake ya kanisani, amechana nywele. Kioo cha Bidwell kilikuwa kimefungwa mbele yake. Kile cha kwanza kiliegemezwa ukutani.

"Sema," aliniambia. "Nilimsikia akiniita chini ya maji. Nilimsikia vizuri kabisa, na nikaogelea nikamwacha. Nimeishi na sauti hiyo, sasa basi."

Tone... tone... Mara hii lilitoka ndani ya banda, nyuma yangu. Sikugeuka.

"Kile cha ukutani ndicho chake," nilisema. "Nilidanganya. Vyote ni vyake. Limetimia."

Baridi ikanipita begani.

"Asante," ile sauti ilisema.

Gari likainama upande wa kulia, kama mtu mzito ameketi. Usukani ukasogea kidogo. Tangini hamkuwa na petroli, nilikuwa nimekagua mwenyewe, lakini injini iliwaka kwa mguso mmoja. Cuthbert alitazama mbele tu.

"Umechelewa, kaka," alisema.

Nilikimbia. Nilipomfungulia Agnes mlango, muungurumo ulikuwa umeshafika barabarani, ukatokomea sambamba na mfereji.

Polisi walivuta nyavu mferejini hadi unapoingia baharini. Hawakupata gari wala mtu. Agnes aliwaambia kaka yake alitoka kutembea. Mimi hakunilaumu kwa kelele. Aliniambia neno moja tu, akifunga mlango: "Nilikuomba."

Nikadhani yameisha.

Leo amenipigia simu. Sauti yake imetulia, karibu ya furaha. Ameniuliza kuhusu baridi, na kama barabara zina barafu. Kisha akaniambia amemwita mwashi akafungua ukuta wa banda, na tayari umejengwa upya. Alipata chupa nzuri ya udongo mnadani. Nywele alizitoa kwenye mto wa kitanda cha Cuthbert.

"Miwani ya Cuthbert imerudi asubuhi hii," alisema. "Imelowa. Njoo uiangalie, mwanangu, uniambie kama ndiyo yenyewe."

Nilikata simu.

Anapiga tena.