Milioni Moja na Moja

Kila asubuhi Syokau aliteka maji mtoni, akawasha moto, akamwamsha mdogo wake, ndipo akashika njia ya shule kati ya mibuni. Asubuhi hiyo ya mwaka wa 1957 alifanya yote huku mawazo yake yako shuleni. Baba yake Kaleli, kibarua katika shamba hilo la kahawa karibu na Ruiru, alikuwa amemwambia wazi: "Ukikosa hiyo nafasi ya Thika, Jumatatu unaingia kuchuma na mama yako. Mambo ya kusoma yameisha."

Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu. Shule ya kati kule Thika ingemchukua mwanafunzi mmoja kutoka darasa lao, na katika mtihani Syokau alikuwa amelingana na Gerishon, kijana mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa mdomo. Basi Mwalimu Zacharia akawaketisha mbele, akaandika ubaoni: 1,000,001.

"Je, hii ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Au iko namba nyingine inayoigawa bila kubaki kitu? Kengele ikilia nataka jibu."

Ukutani palikuwa na chati ya namba tasa aliyoiandika Mwalimu mwenyewe, kuanzia mbili hadi tisini na saba. Darasa zima liliijua kwa moyo, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama namba hizo zinaendelea. Syokau akaanza kuzijaribu moja moja. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, mbili tena. Kibao chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo kila hesabu ilimbidi aifute kwa kiganja ndipo aandike nyingine. Kiganja kikawa cheupe, macho yakamwasha, na bado kila mara kulibaki kitu.

"Mwalimu, nimemaliza!" Gerishon akaita. "Ni tasa. Nimejaribu zote, hakuna inayoingia. Ng'o!"

Syokau aliongeza kasi. Alifika tisini na saba, ikabaki ishirini na nane. Chati imekwisha! Akajiona tayari amefungwa kikapu cha kahawa kiunoni. Mbona naye asiandike "tasa", angalau alingane na Gerishon? Aliinua chaki, akaishusha. Kusema kweli, hakuwa na uhakika wowote. Kengele ikalia.

"Syokau, jibu lako?"

Alisimama, machozi yakimlengalenga. "Sijui, Mwalimu. Nimejaribu zote za chati. Lakini sijui kama baada ya hapo hakuna nyingine."

Darasa likaangua kicheko. "Ai! Sijui nayo ni jibu?" Gerishon akasema.

Mwalimu Zacharia hakucheka. "Gerishon, ulipogawa kwa mia moja na moja, ilibaki ngapi?"

Gerishon alitazama kibao, kisha miguu yake. "Sikufika hapo, Mwalimu."

"Na ulisema zote. Syokau, njoo ubaoni, uendelee ulipoishia."

Aligawa kwa mia moja na moja. Tisa. Tisa tena. Sufuri. Moja. Hakikubaki kitu! Akazidisha ili ahakikishe: 9,901 mara 101, ikarudi milioni moja na moja. Hapo akaketi sakafuni akalia mbele ya watu wote.

"Chati iliishia pale kwa sababu karatasi iliniishia," Mwalimu akawaambia. "Namba zenyewe haziishi. Hawa wawili walikwama mahali pamoja. Mmoja akadai amefika mwisho, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwonyesha njia. Mwingine alisema ukweli kuhusu pale alipofika. Huyo ndiye atakayekwenda Thika."

Jioni Kaleli alimsikiliza binti yake mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulimwambia mwalimu hujui?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ulikuwa unaogopa?"

"Sana, Baba."

"Kusema uongo ukiwa na hofu ni rahisi, mwanangu. Wewe umesema kweli. Nenda ukasome."