Kidole Nilichokataa Kuweka

Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, saa saba mchana, ukingo wa laga, mto wetu mkavu, uliangukia mguu wa mtoto wangu.

Nakiru alikuwa na miaka kumi na moja. Shule ilikuwa imefungwa. Alikaa na wenzake kwenye kivuli cha ukingo, pale wachimba mchanga wamekula chini na kuacha juu kunaning'inia. Hapa Kakuma, mto wa Tarach ukikauka, watoto wa likizo huchezea humo.

Lakini siku ile kulikuwa na mahali pengine pa kwenda. Hilo ndilo linaniuma.

Mimi ni Ereng, muuza makaa. Nilisoma mpaka darasa la pili. Siku shule ilipofungwa, Nakiru aliniletea karatasi ya Kiingereza.

"Baba, tia sahihi. Maktaba itafunguliwa likizo yote. Kuna vitabu, kuna voliboli, kuna uji saa nne."

"Uji wa nani?"

"Wa maktaba."

"Wa bure?"

"Wa bure!"

Kiingereza sijui. Lakini chini ya karatasi niliona kisanduku, na ndani yake picha ya kidole gumba.

"Chakula cha bure ndicho kilichomfunga mama yako," nikasema. "Rudisha."

"Baba, wenzangu wote wanaenda."

"Wenzako wana baba zao. Rudisha!"

Mke wangu Akeno, njaa ya 2011 ilipobana, alienda kambi ya wakimbizi akaweka vidole kwa mashine ya kuwaandikisha ili apate mahindi. Wengi walifanya hivyo. Baadaye akaomba kitambulisho. Ofisini wakamwambia, "Wewe ni mkimbizi." Mturukana wa Kakuma, amekimbia kutoka wapi? Alizunguka miaka. Alikufa bila kitambulisho. Wakubwa hawakumwambia kidole kile kitafanya nini.

Kwa hiyo nilikataa. Sikuuliza hata swali moja. Nilijiona mjanja.

Walimtoa Nakiru mchangani akiwa hai. Mfupa ulikuwa umevunjika mara mbili. Alikaa hospitali wiki tatu.

Tuliporudi nyumbani, msichana mrefu alibisha mlangoni na vitabu kwapani.

"Ejok, baba Nakiru," akanisalimu kwa Kiturukana.

"Ejok. Wewe ni wa shirika gani?"

"Sina shirika. Nafanya kazi maktaba. Naitwa Nyawech. Kwetu ni Sudan Kusini, lakini nimekulia kambini hapa."

"Ndiyo maana Kiswahili chako kinashinda cha chifu."

Akacheka. "Nakiru aliniambia anataka kuja, halafu sikumwona. Nimemletea hadithi."

Nikamwambia habari ya kidole. Hakunicheka.

"Woga wako una sababu, mzee," alisema. "Lakini karatasi yetu haina mashine. Inakaa kwa kabati la maktaba. Inasema tu kwamba mzazi amekubali, na tumpigie nani mtoto akiugua. Kidole ni kwa mzazi asiyeandika. Wewe ungeandika jina lako tu. Kitambulisho hatuulizi."

"Na ule uji?"

"Ni unga na sukari, mzee. Hauandikishi mtu."

Nakiru alicheka mpaka akashika mguu.

"Ukiletewa karatasi usiyoielewa," Nyawech akaendelea, "usiitie sahihi, na usiitupe. Uliza. Ni ya nini? Itakaa wapi? Nani ataiona? Una haki ya kusomewa kwa lugha yako."

Maneno machache hivyo. Yangeniokoa. Mbona hakuna aliyetumwa kuyasema mapema?

Likizo ya Desemba nilienda maktaba mwenyewe. Nyawech alinisomea karatasi mstari kwa mstari. Nikauliza maswali yote matatu, kisha nikaandika: Ereng.

Sasa Nakiru anaenda kila likizo. Anawasomea wadogo hadithi kwa Kiturukana. Kwa voliboli yeye ndiye mwamuzi, na filimbi yake haina huruma.

"Baba, umeona? Nimewatoa wawili nje!"

"Nimeona."

Zamani alikuwa anashinda wavulana kwa mbio. Mguu mmoja sasa ni mfupi. Hajanilaumu hata siku moja, na ingekuwa afadhali anilaumu.

Wazazi wenzangu nawaambia: mpelekeni mtoto maktaba wakati wa likizo, na mkatazeni kukaa chini ya ukingo uliochimbwa. Na mkiogopa karatasi, ulizeni kabla ya kukataa.

Mwezi uliopita bwana mkubwa mmoja wa maktaba alikuja kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, kwa mkutano wa wazazi. Alituhesabia watoto waliosoma vitabu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Bwana," nikasema, "mlijua watu wa Kakuma tumeumizwa na kidole. Bado mkatuletea karatasi ya Kiingereza yenye picha ya kidole. Yule mtu wa kutueleza, siku hiyo alikuwa wapi?"

Akaangalia simu yake. Akasema swali ni zuri, atalipeleka Lodwar.

Nimemwuliza chifu. Nimemwuliza mwalimu mkuu. Nawauliza na ninyi mnaosoma: alikuwa wapi?